Mgeni Aliyemuulizia Éliezer

Kahawa yangu naiuza kwenye kona ya parking ya moto, pikipiki za abiria, hapa Baraka, barabara inaposhuka kwenda ziwani. Benchi ni langu, mbao nilinunua mwenyewe, lakini wanaume wanaolikalia wanafikiri wamelirithi. Kuna Anatole, tunayemwita Ministre kwa sababu ya koti lake la kiwaziri, na kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Kuna Dieumerci, motari anayebeba abiria kwa moto, jina lake Antenne: habari ya Uvira yeye anaipata kabla haijaanza safari. Kuna Placide, fundi wa simu, tunayemwita Sans Souci, yaani asiye na wasiwasi, na sijaona mtu mwenye wasiwasi kama yeye. Wa nne ni Éliezer Semutobo, muuza maziwa, mtu wa Bibokoboko, kule milimani, anayekunywa kahawa yake kimya na kuniuliza habari ya wanangu. Watu wa kule juu hawashuki Baraka siku hizi kama zamani, tangu vita viwatenganishe na watu wa huku chini, na anayebaki huangalia anapokanyaga. Asubuhi ile Éliezer hakuja. Na sote tulijua kuna mgeni aliyekuwa akimuulizia, bwana mmoja wa miwani aliyekaa nasi hapa siku kadhaa akisema kazi yake ni uchunguzi: si polisi, si serikali, analipwa na familia za watu kutafuta ukweli. Sasa naye hakuonekana. Mimi niliogopa tangu nilipowasha makaa.

— Usiogope bure, Mama Marthe, Ministre alianza, akipuliza kikombe chake. Ile ni kazi kama kazi ingine. Enquêteur privé. Kule Ulaya beko bengi, beko na bureau, beko na plaque ku mulango.

— Na huyu bureau yake iko wapi? Sans Souci aliuliza.

— Bureau yake ni hii benchi ya Mama Marthe, alisema Antenne, akacheka peke yake.

Sikucheka. Nilimwambia anywe, kahawa inapoa.

— Acha niwaelezee, Ministre aliendelea. Ile ni jambo ya ndoa. Mwenyewe aliniambia. Éliezer iko na mudogo wake kule Canada, anataka kuoa. Sasa familia ya binti, mbele ya kupokea ng'ombe, banatuma muntu anakuja kuangalia: hii jamaa beko bantu ya namna gani? Beko na ugonjwa? Beko na bwizi? Bazee betu balikuwa banafanya vile vile, ila bao balikuwa banatuma shangazi.

— Ndoa? Antenne aliweka kikombe chini. Mi aliniambia ni héritage! Muzee moja alikufa Nairobi, aliacha parcelle, kiwanja kikubwa, banatafuta bantu ya kurizi. Nilijua Éliezer atakuwa tajiri, hata nilianza kumusalimia vizuri.

Sans Souci alikuwa anatutazama kama mtu aliyekunywa maji ya moto.

— Mi aliniambia ni nyumba, alisema polepole. Eti kuna muntu iko Amerika, anatuma franga ya kujenga hapa, na kila mwezi banamutumia picha ya nyumba ya mwingine. Eti Éliezer njo anaangaliaka ile chantier.

Niliinua birika nikalirudisha kwenye jiko bila kummiminia mtu. Ndoa, urithi, nyumba. Kila mmoja alipewa hadithi yake, iliyomfaa.

— Bon, Ministre alisema, akijikaza. Enquêteur muzuri anafanya dossier tatu kwa mara moja. Ni kawaida.

— Ao hana hata dossier moja, nilisema.

— Mama Marthe, usituletee mambo ya giza asubuhi.

Lakini Antenne alishaanza kuwaka.

— Ile miwani yake! Mi niliangalia vizuri. Ile haiko miwani. Iko na caméra ndani, niliona inang'aa. Vile anakuangalia, uso yako inaenda Kinshasa palepale.

— Kinshasa nini? Ministre alimkata. Siku hizi beko na satellite. Banahesabu ng'ombe ya Bibokoboko toka hewani, moja moja, na banajua yenye iko ya nani. Hata ile yenye iko na mimba.

— Kama banaona toka hewani, Sans Souci aliuliza, juu ya nini alikuwa anatuuliza siye?

Motari mmoja alipita anaelekea bandarini na mteja mwenye gunia la ndagala, dagaa wa ziwani, akatupigia honi, na Antenne, ambaye hujibu hata honi ya baiskeli, hakugeuka.

— Mi iko na kitu ya kusema, alisema Sans Souci. Aliniletea simu yake nitengeneze. Nilifungua. Nilifunga. Haikuwa na kitu chenye kimeharibika, naapa mbele ya Mungu. Alikuwa anataka tu kukaa pale kwangu, tunaongea.

— Muliongea nini?

— Kidogo tu.

Ndipo hasira ilinipanda, maana hilo neno kidogo nalijua, kila mwanaume aliyeharibu kitu hulitumia. Nikasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, nikawaambia nataka kusikia hicho kidogo cha kila mtu.

— Mi sikusema kitu, alisema Antenne. Aliniuliza Éliezer anakaa wapi. Nilisema nyuma ya kanisa. Ni siri hiyo? Hata mbuzi za pale zinajua.

— Nyuma ya kanisa iko nyumba mingi, Sans Souci alisema, na sauti ilikuwa imemshuka. Aliniuliza ni ipi. Nilisema ile ya mulango ya bleu. Ile tu. Mulango ya bleu.

Wote wakamgeukia Ministre. Alifungua kifungo cha koti.

— Mi nilimusifu! Nilisema Éliezer ni muntu ya kazi, hana uvivu, siku ya kupanda njia ya Lubondja kukutana na bachungaji ba ng'ombe, anatoka mapema sana, peke yake, hata mvua inyeshe. Muntu akikuuliza kama rafiki yako ni muntu muzuri, utasema nini? Utasema ni mubaya?

— Ulimuambia ni siku gani?

— Aliniuliza, Mama Marthe.

— Basi ulimuambia.

— Nilimuambia.

Nilihesabu kwa vidole. Mtaa, mlango, siku, njia. Kila mmoja wao aliona ametoa punje moja, na yule bwana aliondoka na debe zima.

— Lakini Ministre, alisema Antenne, si ni mugeni wako? Muulize basi. Mupigie simu.

— Mugeni wangu? Wangu vipi?

— Alikusalimia Papa Anatole, siku ya kwanza! Alikuuliza mugongo inaendelea namna gani!

— Ju ya ile nilishangaa! Niliwaza wewe njo ulimuambia juu ya mugongo yangu. Alikuja anashuka ku moto, anakuuliza kama pneu, ile tairi yako mupya, inafaa. Nilisema, bon, ni mugeni ya Antenne.

— Pneu yangu alijua toka kwa Sans Souci!

— Toka kwangu? Mi nilimukuta hapa, ameshakaa katikati yenu, anakunywa!

Kwetu, mwenzako akija na mgeni, humuulizi mgeni jina lake. Aliyemleta ndiye atamtaja, akitaka, siku akitaka. Ukimuuliza mgeni mwenyewe, umemwambia mwenzako hadharani kwamba humwamini. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga viatu. Yule bwana alilijua pia. Alikaa katikati ya benchi langu akiwa mgeni wa kila mtu, na wala hakuwa mgeni wa mtu.

— Mungu wangu, Sans Souci alisema. Mungu wangu, Mungu wangu.

— Nyamaza, alisema Ministre. Kisha akanitazama, na sikuupenda ule uso. Na wewe, Mama Marthe? Unatuhukumu hapa. We ulimuambia nini?

Nilitaka kusema sikumwambia kitu. Nilikuwa na kikombe chake mkononi siku yule bwana aliponiuliza, na yeye alikuwa mpole, anasema asante kwa kila kitu.

— Nilitaka kumulinda Éliezer, nilisema. Nilimuambia asipoteze wakati, Éliezer haendi mahali na muntu asiyemujua, hata umuahidi nini. Akacheka kidogo. Akauliza, sasa yeye anaamini nani?

— Ukasema nini?

— Nikasema sisi. Bantu ya kahawa.

Ministre aliweka kikombe chake chini, hakukimaliza.

Mwanamke alikuwa anavuka barabara, akipita katikati ya moto bila kuziangalia, na motari walikuwa wanamkwepa na kumtukana. Kitambaa chake cha kichwa alikishika mkononi. Mwanamke wa heshima hapiti njiani vile. Hatukuwa tumewahi kumwona, lakini alipofika hakuuliza kama ni hapa.

— Jambo yenu, bapapa. Jambo mama. Mi ni Ikirezi, bibi ya Éliezer.

Ministre alisimama akampa nafasi yake. Hakukaa.

— Bwana yangu alitoka mapema. Ku moto ya bwana moja ya miwani. Haikuwa hata siku yake ya kupanda. Éliezer alikataa, alikataa sana, alisema sikujue, siendi. Ule bwana akasema: nimetumwa na benzako ba kahawa, Papa Anatole, Antenne, Sans Souci, na Mama Marthe mwenyewe. Benyewe beko banakungojea. Basi akavaa viatu.

— Balienda njia gani? Antenne aliuliza.

— Ya Lubondja. Simu yake haipiti tena.

Antenne alishakuwa amesimama, ufunguo wa moto mkononi, lakini hakuondoka. Nadhani aliogopa njia, na aliogopa zaidi kile ambacho angekikuta njiani. Sans Souci alikuwa ameinama, kichwa katikati ya magoti.

— Nimetoka kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa yetu, Ikirezi alisema. Alitaka kuandika, kisha atume bantu. Aliniuliza jina ya ule bwana. Nikasema, mi simujue, ila marafiki ya bwana yangu banamujua, balikunywa naye kahawa siku zote hizi. Chef alisema nikimbie, nilete jina tu.

Alikuwa anahema. Alimwangalia Ministre, na Ministre, mwenye jibu la kila kitu, akaangalia koti lake. Alimwangalia Antenne. Alimwangalia Sans Souci, ambaye hakuinua kichwa. Halafu akanigeukia mimi, kwa upole, kama anavyouliza mume wake habari ya wanangu.

— Mama, we njo ulikuwa unamupatia kahawa. Anaitwa nani?