Waya Nilioufunga Watu Walipoondoka

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu mlioketi kwenye mabenchi na juu ya matairi kule nyuma, karibuni karakanani. Wengi wenu mmepunguzwa kazini mwezi huu, na mmekuja kuona hapa pakoje kabla hamjaamua kujiunga. Wapo wanaoweza kuwaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimesimama kwa sababu kuna jambo ambalo kila anayeingia hapa hulisikia kwanza, na tulikubaliana alisikie kutoka kinywani mwangu. Majina sitayataja.

Nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na moja. Tulipopewa barua za kupunguzwa, foleni ilitoka nje ya geti ikafika barabarani. Hali mnaijua. Mitumba imejaa sokoni, redio za kutoka nje ziko kila duka, na sisi tuliokuwa tukitengeneza vitenge hatuna pa kwenda asubuhi. Niliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri. Navaa ovaroli, halafu nakaa kitandani. Mke wangu ananiangalia, kisha anakwenda kuwasha jiko.

Aliyekuja kunitoa pale kitandani alikuwa rafiki yangu, mchomeleaji wa kiwanda kile kile. Yeye na mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi maabara ya kiwanda walikuwa wamepata ghala hili hapa Mirongo, likiwa na popo tu. Walitaka kila mtu alete chombo alichonacho, kitundikwe ukutani, kiwe cha wote, na anayejua kitu amfundishe asiyejua. Rafiki yangu alileta mashine yake ya kuchomelea. Yule mama alileta mita ya kupimia umeme. Mimi nilileta koleo na bisibisi tatu.

Ndugu zangu, nawaambia, mwaka ule wa kwanza tulikuwa na furaha. Tulifungua redio mbovu ili tu kuona zilivyo ndani. Tulitengeneza chaja ya betri za gari. Ofisi moja ilitupa kompyuta iliyokufa, tukahangaika nayo miezi mitatu, na siku ilipowaka na herufi za kijani zikatokea, watu wazima tulisimama kuizunguka kama tunaangalia mtoto mchanga. Rafiki yangu hakujua hata kuizima. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, pombe. Watu hupenda kuniuliza nilianza kwa sababu gani, na mimi sina sababu nzuri ya kuwapa. Nilianza kidogo saa za mchana, kisha ikawa asubuhi. Wenzangu waliona. Rafiki yangu aliniambia mara moja kwamba mikono yangu inatetemeka, akauliza kama angeweza kumwomba mtu mwingine afunge nyaya. Nikamwambia aache dharau. Hakurudia tena.

Wakati huo tulikuwa tumeombwa na vikundi viwili vya akina mama wa upande wa Magu tuwaundie mashine za kukoboa mpunga. Yeye alichomelea fremu, mimi nilifunga mota na nyaya. Ya kwanza tuliipeleka. Ya pili tulikuwa tuijaribu hapa nje, uani, asubuhi moja baada ya mvua.

Kwa wasiojua umeme: mashine ya chuma lazima iwe na waya wa ethi, unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, usimpate mtu. Kuufunga hakuchukui hata dakika tano. Rafiki yangu alikuwa ameshika fremu kwa mkono mmoja, miguuni hana kitu, amesimama kwenye tope. Akaniuliza, "Ethi tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Nikawasha mimi mwenyewe.

Hakupiga kelele. Niliona tu mkono hauachii. Nilipozima alikuwa ameshaanguka. Wenzetu walikuja wakikimbia, wakambeba hadi barabarani watafute gari la kumpeleka hospitali. Walipoondoka naye, uani nilibaki peke yangu. Nikapiga magoti, nikaufunga ule waya.

Naona mnaangalia chini. Na mimi nilitazama chini miaka miwili.

Hospitali walisema amefika hana uhai. Kesho yake yule mama wa mita akaipima mashine, akakuta ethi ipo, kila kitu kiko sawa. Nikamwambia mota ilikuwa ya zamani, imevuja ndani. Mota ilikuwa ya zamani kweli, ndiyo maana uongo wangu ukakubalika. Msibani nilikaa karibu na jeneza kama ndugu. Watu walinipa pole mimi.

Baada ya arobaini sikuweza tena kuingia hapa. Nikaiacha karakana, nikamwacha hata mke wangu bila kumuaga, nikaenda Kigongo, kule kivukoni, nikawa nabeba mizigo ya abiria. Nililala penye nafasi. Nilichopata nilikinywa. Mke wangu alikuja kunitafuta mara mbili, na mara zote nilijificha nyuma ya magunia mpaka akaondoka.

Siku moja mchana, katika watu waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Busisi, mwanamke akaniita nimbebee mzigo. Alikuwa mjane wa rafiki yangu, anakwenda kwao. Nilikuwa nimekonda, nina ndevu, lakini alinijua kabla sijamjua. Akanisalimu kwa upole. Akasema, "Shemeji, mume wangu alikupenda sana."

Hapo niliweka gunia chini, nikamwambia yote. Swali aliloniuliza mumewe, jibu nililompa, na waya nilioufunga watu walipoondoka. Kivuko kilipakia, kikaondoka, yeye hakupanda. Alilia sana, na mimi sikuwa na haki ya kumbembeleza. Nilingoja anitukane.

Alipofuta uso aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na ile mashine ya kwanza, ile iliyokwenda Magu? Ile uliifunga?"

Sikukumbuka. Ndugu zangu, nilisimama pale nikijaribu kukumbuka mikono yangu ilifanya nini siku ile, na sikupata kitu. Miaka miwili akina mama walikuwa wakiigusa mashine ile kila siku, na mimi sijui.

Akasema, "Basi usikae hapa kunililia. Wale bado wako hai. Nenda."

Nilifika hapa jioni ile ile, mchafu hivyo hivyo. Nilimkuta yule mama wa maabara na wenzangu wawili. Nikasema mbele yao nilichowaambia ninyi sasa. Mwenzangu mmoja alitoka nje, na mpaka leo hajanisemesha. Namwelewa.  Yule mama alichukua mita yake ukutani, akasema kesho alfajiri tunakwenda Magu.

Tuliikuta mashine inafanya kazi. Chini yake akina mama walikuwa wameweka ubao mkavu wa kusimamia. Tukauliza wa nini. Mmoja akajibu, "Inauma. Tumezoea." Mtoto wake alikuwa mgongoni. Yule mama wa mita akafungua kifuniko. Waya wa ethi ulikuwa umekunjwa ndani, mpya, haujaguswa.

Niliufunga mbele yao, na yule mama akapima mara tatu.

Ukoo wa marehemu ulikaa kikao, na nilikwenda. Polisi pia nilikwenda, nikaandika maelezo kwa mkono wangu. Yaliyoamuliwa huko niliyatumikia, na sitaki kuyasimulia kana kwamba yalifuta kitu. Niliporudi hapa, nilifagia mwaka mzima bila kugusa waya. Pombe niliiacha, si siku moja. Niliiacha na kuirudia, kisha nikaiacha.

Namshukuru mke wangu, aliyenipokea wakati nilikuwa nanuka. Nawashukuru wenzangu walioniachia ufagio. Namshukuru mjane wa rafiki yangu. Hajasema amenisamehe, na sijamwomba aseme.

Tangu hapo hapa hakiwashwi kitu mpaka mtu wa pili apime, hata kama aliyefunga ni bingwa. Mtakaojiunga mtaona kama tunawadharau. Vumilieni. Kusema "bado sijafunga" ni aibu ya dakika moja.

Na kabla chai haijaletwa: kama kuna mtu hapa aliyewahi kumfungia mtu kitu, nyumbani, dukani, popote, na moyoni hana hakika nacho, anyooshe mkono. Hatutamcheka. Mita hiyo hapo, na nitakwenda naye sasa hivi.