Mto Ulichukua Yote Matatu

Wewe uliyeinamia simu kituoni wakati basi letu la kwenda Montpelier, makao makuu ya jimbo, lilipopita zile nyumba za mabati kando ya mto, nilikuona. Mimi nimehesabu mafuriko matatu hapo, na hotuba zote za wanasiasa zilizofuata.

Kiti cha mbele yangu basini, Verna, mkazi wa hapo, alipakata kipande cha ukuta wake chenye mstari wa tope, ili akaionyeshe kamati ya bunge la jimbo. Aliyekaa naye, mzee wa kofia ya sufu, alisoma kikaratasi cha mbunge wetu. "Nyumba, tabianchi, jamii. Mambo matatu! Si angeanza na moja, mama?"

"Mto haukuchagua, mzee wangu. Ulichukua yote matatu asubuhi moja."

"Sasa mnang'ang'ania nini bondeni? Hameni!"

"Mswada wa mbunge ndio huo. Tujengewe kule juu, Kilima cha Tolman."

Mzee akakunja kikaratasi taratibu. "Kule barabara nyembamba."

"Kumbe unakaa huko!" Verna akacheka. "Karibu basi, jirani. Utatusemea leo?"

"Sipingi nyumba, mama. Napinga zikiwa nyingi."

"Laiti mvua ingekuwa na adabu zako, ingenyesha kidogo tu."

Mzee akageukia dirisha. Basi likasimama mbele ya bunge, wakashuka wote wawili, kila mmoja na lake la kusema.

Kila mwaka watu wa kilimani huijaza orodha ya wasemaji mbele ya kamati kabla wa bondeni hawajapata usafiri. Leo inafungwa saa sita mchana. Basi lijalo, la saa nne asubuhi, lina nafasi. Weka simu mfukoni, panda, kaandike jina lako chini ya la Verna.