Modesta Fanueli Kaniki, Aliyejenga Nyuma ya Mivinje

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Kristian, mdogo wake marehemu, niwaeleze alikotoka dada yetu na alivyoishi.

Modesta alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Malindi yetu ya milima ya Lushoto, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Fanueli Kaniki, mkulima wa viazi, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari Lushoto na Tanga, na mwaka 1991 akaenda Dar es Salaam kusomea usanifu majengo, akahitimu 1996, msichana pekee katika darasa lake.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni moja mjini Tanga, akawa mchoraji wa hoteli na nyumba za mapumziko za ufukweni, na yeye aliyekua akiota moto jikoni kila mwezi wa saba akageuka bingwa wa kufukuza joto, akiinua mapaa ya makuti, akipanua baraza, akipanga madirisha yatazamane ili upepo uingie huku utokee kule bila kiyoyozi, ingawa bahari yenyewe aliiogopa na hakuwahi kuingia majini kupita magoti.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na mwalimu Martin Singano, wakajaliwa watoto wawili, Alen na Jenoveva.

Mwaka 2009 alipewa kazi ya hoteli ya nyumba kumi na nane karibu na Pangani, mali ya Bwana Amiri, akatembea ufukwe ule siku tatu na wazee wa pale wakimwonyesha maji makuu yanapofika, akazichora nyumba zote nyuma ya mstari wa mivinje, ile miti ya pwani iliyoota juu ya mpaka wa maji hayo, lakini Bwana Amiri akakataa, akasema, "Mgeni wangu anataka akiamka akanyage maji," naye akamjibu, "Nitakuchorea hata mara kumi, baba, ila sahihi yangu siiweki pale maji yanapolala."

Kwa jibu hilo alipoteza ajira, hoteli ikajengwa na wengine, akarudi nyumbani na aibu ambayo hakuistahili, na shemeji yetu akamwambia tu, "Mama Alen, viazi vipo," akaanza upya hapa Lushoto, akichora zahanati na mabweni ya shule.

Aprili 2014 bahari ilichukua nyumba saba kati ya zile, bahati njema hazikuwa na wageni, na Bwana Amiri akapanda mwenyewe hadi hapa kumwomba radhi, dada akamkaribisha chai, hakumsimanga, na wiki iliyofuata wakateremka pamoja, hoteli ikajengwa upya nyuma ya mivinje na kufunguliwa 2017.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Dar es Salaam na baadaye karibu na nyumbani, akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na maji bila kuombwa, wasanifu wenzake, mafundi mliosafiri kutoka Pangani, na Bwana Amiri, ambaye asubuhi hii alishika jembe akachimba kaburi pamoja nasi.

Dada, jengo umelikabidhi. Pumzika sasa kwa amani.