Landrova Iliyolishwa Uji

Tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Bwana Nikolao Nandonde, ambaye sote tunamwita Baba Agatha, anakabidhi funguo za Landrova ya hospitali yetu hapa Newala. Alianza nayo mwaka 1965, ikiwa mpya na yeye akiwa na nywele. Dereva ni yeye, fundi ni yeye. Tulizoea kumpa shikamoo akiwa kazini, naye akaitikia marahaba bila kutoa kichwa ndani ya boneti.

Mwaka 1992 gari lilianza kuchemsha. Kila likipanda mlima kutoka bonde la Ruvuma, nusu ya njia linafuka mvuke na kugoma. Mwezi Machi mama mjamzito alimaliziwa safari kwa machela. Alipona, na mtoto pia, lakini sisi wakunga tuliingiwa na hofu kweli kweli.

Enzi hizo za ruksa vipuri vilijaa madukani Masasi, basi Baba Agatha akabadilisha tamostati, mkanda wa feni, hata wota pampu. Wapi! Kamati ya hospitali ikaamua gari liuzwe Ijumaa. Na kwa kuwa watumishi walikuwa wanapunguzwa, dereva asiye na gari angekuwa wa kwanza kwenda nyumbani.

Jumatano akaifungua rejeta yenyewe. Ndani alikuta ute mweupe umeganda na kuziba vijia vyote. Akaunusa, na waliokuwepo wanaapa aliuonja. Ulikuwa uji wa makopa.

Wageni wetu waelewe kwamba Newala maji hayamwagwi. Maji yaliyolowekewa makopa, muhogo wetu mkavu, hutafutiwa kazi nyingine. Mama Priska wa jikoni aliyaweka kwenye ndoo, na aliyemwomba ayatunze kwa ajili ya rejeta ni Baba Agatha mwenyewe. Aliona haya kulinywesha gari maji safi wakati wagonjwa wana kiu. Injini ikayapokea na kuyapika.

Angeweza kunyamaza, lawama zikabaki kwa uzee wa gari. Badala yake, Alhamisi aliingia mbele ya kamati na kopo la uji ule, akasema kosa ni lake, mpishi asiguswe, ila wampe maji safi na siku chache. Mwenyekiti alicheka hadi miwani ikamdondoka, akampa mpaka Jumatatu.

Kila mtumishi alitoa ndoo moja ya maji. Mimi nilitoa yangu huku nanung'unika, maana nilikuwa nimeyaweka ya kufulia nguo za Idi. Aliisukutua rejeta kwa maji ya moto na magadi mara saba.

Jumatatu tukaitwa bondeni. Mama mmoja alikuwa na uchungu siku ya pili. Wakati wa kupanda, nakiri, nilitazama mshale wa joto zaidi kuliko nilivyomtazama mgonjwa. Ulikaa katikati, ukatulia hapo mpaka tukafika wodini. Mtoto alilia adhuhuri, nami nikalia naye kwa jinsi roho ilivyonitua.

Baba Agatha, ahsante. Nenda Kitangari ukapalilie mikorosho yako kwa amani, na Mungu akujalie afya, wajukuu na mvua za kutosha. Huko bondeni wapo watoto waliofika duniani salama kwa sababu siku ile ulikubali kuchekwa.

Pili Khalidi, mkunga