Debe la Asali Nyuma ya Pikipiki

Bwana asifiwe, ninyi mnaosoma na ninyi mnaosomewa! Mimi ni Elia, yule anayetembea kama anapanda ngazi hata penye tambarare. Mnaniona naingia kanisani wimbo wa pili umeshaimbwa, mnadhani ni uvivu. Si uvivu, ni mguu. Leo nataka kusema mguu huu uliumiaje, nani waliouumiza, na Bwana alinitoaje mikononi mwao. Mchungaji aliniambia, "Elia, shuhudia, lakini majina acha." Nimekaa na neno hilo wiki nzima, nimeshindwa. Majina nitayasema. Mungu anayajua, sasa namficha nani?

Shule niliishia darasa la pili, nikikosea kuandika mnivumilie.

Ndugu zangu, ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijijini. Sisi Wanyaturu tuliozoea kukaa mmoja huku, mwenzake kule, ng'ombe katikati, tukapangwa mistari kama mahindi, kwa miguu nusu siku kutoka Itigi. Kijiji kikapata ghala, mizani, na bwana shamba. Bwana shamba aliitwa Shilla. Akaletewa pikipiki ya serikali, ndogo, nyepesi, tairi zake zina meno, ya kupita barabarani na porini pia. Lakini Shilla alikuwa na tumbo kubwa na mchanga aliuogopa. Akanifundisha mimi niwe tarishi wake, nipeleke barua na mbegu.

Mbegu ya mtama tuliijaza kwenye debe, na debe tulilifunga kwenye keria nyuma. Siku moja pale kisimani, penye mchanga mwingi, nikaongeza moto nijikwamue. Tairi la mbele likainuka! Likakaa hewani, mimi natazama mawingu, pikipiki inakwenda kwa tairi moja la nyuma. Akina mama wakaacha ndoo zao.

"Beberu! Beberu kasimama!"

Maana mbuzi dume ndivyo anavyosimama kwa miguu ya nyuma akitaka majani ya juu. Jina likanishika. Mwenyekiti wa kijiji, Petro Kitundu, akalipiga marufuku mkutanoni, akasema kijiji cha Ujamaa hakiwezi kufuga beberu. Watu wakacheka mpaka na yeye akacheka.

Basi nikaendelea. Kila nikipeleka mbegu, nikifika penye watu nainua tairi. Mkono wangu ulijua moto kiasi gani, mgongo ulijua kulala kiasi gani, yote kwa kipimo cha debe la mtama lililo nyuma. Bila debe nilijaribu, tairi halikuinuka hata kidogo. Sikujiuliza kwa nini. Ndugu zangu, mtu akishangiliwa hajiulizi!

Ndipo akaja mganga, Mzee Njoghomi. Akaniambia, "Mwanangu, nguvu hizo si zako. Usipozifunga zitakugeuka." Nikaogopa. Nikampa kuku, akanifunga hirizi ya kitambaa cheusi mkono wa kulia, ule wa kuongeza moto, akanikataza karanga. Toka siku hiyo, tairi likiinuka nasema ni hirizi. Jina la Yesu nililijua kama mnavyomjua mtu wa kijiji cha mbali, mmesikia yupo.

Sasa ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa wa wilaya anakuja kutoka Manyoni. Kitundu akaniita.

"Elia, kila kijiji atapokewa kwa ngoma. Sisi tutampokea kwa ngoma na tairi hewani."

"Nikianguka, mwenyekiti?"

"Lini umewahi kuanguka? Unataka kuanza siku yangu?"

Tukapatana hivi. Zawadi ya mgeni ni madebe mawili ya asali, yatakuja na mkokoteni wa ng'ombe. Mimi nitabeba debe la mtama wa shamba la kijiji, kama nilivyozoea. Nitapita mbele ya watu na tairi juu, nitashusha mbele ya mgeni, basi. Hayo ndiyo mapatano. Shilla alikuwepo, alisikia.

Siku ilipofika, watu walijipanga pande zote mbili za barabara na matawi mikononi. Mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya nyumba na Njoghomi, naongezewa dawa! Hapo naomba toba, hilo ni langu. Na wakati niko huko, Kitundu alibadilisha mawazo. Nilikuja kujua baadaye. Alimwambia Shilla, "Mtama kila kijiji kinao. Mfungie asali." Shilla akauliza kama mimi nimeambiwa. Kitundu akajibu, "Debe ni debe." Shilla akafunga kwa mikono yake, akalifunika kitambaa cha kijani ili lipendeze. Nilipotokea aliniangalia usoni, akasema, "Haya kijana, ipo tayari."

Nikapanda. Nilipoondoka tu, niliona usukani umekuwa mwepesi mikononi, kama pikipiki haina pua. Nikasemaje moyoni? Nikasema, dawa ya Njoghomi imeingia! Ndugu zangu, Mungu alinionyesha kabisa, alinitikisia mikono, na mimi nikamshukuru Njoghomi. Mpaka leo jambo hilo likinijia naacha kula.

Nikaongeza moto uleule wa siku zote. Tairi liliinuka, likapita pale ninapopajua, likaendelea. Mawingu niliyaona mara moja tu, kisha nikaona barabara iko juu ya kichwa changu. Pikipiki ilinilalia mguu. Debe lilipasuka, asali ikamwagika mpaka kwenye viatu vya mgeni. Wimbo wa akina mama ukakatika katikati ya neno. Nyuki na nzi walifika kabla ya msaada.

Na sikilizeni maneno yaliyofuata, nimelala palepale, mfupa umetoka mahali pake.

Kitundu alipiga kelele, "Huyu ametumwa! Hii ni hujuma kwa kijiji!"

Shilla akasema, "Na mimi asubuhi nilimsikia harufu ya pombe."

Njoghomi naye, kutoka nyuma ya watu, "Amekula karanga! Nilimkataza!"

Pombe sikunywa. Karanga sikula. Lakini ndugu zangu, watu watatu wazima wakikuambia vitu vitatu, na unaumwa, unaanza kuvitafuta ndani yako. Nikawaza, labda jana kwenye mboga ya mama mlikuwa na karanga. Labda mimi ni adui na sijijui. Hata lile jina la beberu lilinirudia, nikaona labda lilikuwa unabii.

Wakasema nifungiwe mpaka gari la mgeni litakapoondoka saa kumi, niende nalo Manyoni, polisi. Hujuma miaka ile haikuwa neno la mchezo. Aliyepelekwa kwa neno hilo, nyumbani walianza kumtaja kwa sauti ya chini. Mama yangu alikuwa na mimi tu. Alilia kwa Kinyaturu, akamshika Kitundu koti, akaondolewa.

Walitaka kunifungia ofisini. Ufunguo wa ofisi haukuonekana. Kitundu alipapasa mifuko yote, akafoka, "Basi mtieni ghalani!" Shikeni jambo hilo.

Ghalani nilikuwa mimi, magunia, mizani ya kununulia karanga, na madebe mawili. Moja lile la mtama nililopaswa kubeba. La pili asali, lililobaki. Mlango ukafungwa. Nikaomba. Niliomba vibaya, msinifuate mimi katika kuomba! Nilimwomba Mungu wa mama yangu, nikaomba mizimu, nikaishika hirizi nikaiomba, na Kitundu nikamwomba kana kwamba yuko mbele yangu. Mwisho nikasema tu, "Yeyote mwenye haki, nitoe humu." Hakuna sauti iliyokuja. Mguu ndio uliozidi kuvimba.

Nikatafuta kitu cha kuulaza mguu. Nikanyoosha mkono nikavuta debe la mtama, likaja. Halikutosha, nikataka na la pili nilisogeze pembeni. Nikavuta la asali. Halikuja. Nikavuta kwa mikono miwili nimelala chali. Halikutikisika! Nikalitazama. Madebe ni mamoja, urefu mmoja, mdomo mmoja. Nikavuta tena la mtama, likaja. La asali, wapi!

Hapo nikaacha kuvuta. Nikakumbuka usukani ulivyokuwa mwepesi.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Alikuwa dada Ruth, karani wa mizani, ametumwa kulichukua lile debe la asali lipelekwe kwa mgeni badala ya lililomwagika.

"Dada Ruth, kabla hujalichukua, lipime. Na hili la mtama ulipime."

"Elia, na kichwa nacho kimeumia?"

"Dada yangu, nakuomba. Mimi nilijua nyuma nina mtama. Mimi saa kumi sipo."

Alinitazama. Akaita wanaume wawili, wakatundika la mtama, mshale ukakaa. Wakatundika la asali, mshale ukapita pale, ukaenda, ukaenda, ukakaribia mara mbili yake. Ruth akausoma mshale tena. Alitoka mbio mpaka viatu vikabaki mlangoni.

Walikuja wote, mgeni mbele, Kitundu nyuma yake. Ruth akasema, "Mzee, huyu alizoea kubeba la mtama. Leo amefungiwa la asali bila kuambiwa."

"Debe ni debe!" Kitundu akadakia.

"Basi libebe, mwenyekiti."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Kitundu akanyanyua la mtama, akaliweka, akatabasamu. Akashika la asali. Likapanda mpaka magotini, likamrudisha chini, kofia ikaanguka. Mwanamke mmoja akacheka, halafu wote. Mgeni hakucheka. Akamgeukia Shilla, akauliza, "Nani alilifunga?" Shilla akaanza kuangalia dari.

Gari lilelile lililokuwa linipeleke polisi ndilo lililonipeleka hospitali. Lilelile, kiti kilekile! Mguu ulikuwa umekaa vibaya muda mrefu, ukaunga hivi mnavyouona. Hirizi niliikata kwa wembe wa hospitali, na niliporudi kijijini nikaenda kwa mchungaji nikampa Bwana maisha yangu. Tokea hapo Njoghomi hakunitisha tena, na pikipiki ikipita mimi natazama pembeni.

Lakini sitaki kuwadanganya, ndugu zangu. Kuna mambo bado sielewi. Kama ni uzito tu, Mungu alifanya nini? Na kama ni Mungu, kwa nini hakuniambia asubuhi, mguu ukiwa mzima? Nimemuuliza mchungaji, amenijibu vizuri, nimetoka pale nimeelewa, nimefika nyumbani sielewi tena. Ninachokijua ni ufunguo. Ofisini hamkuwa na mizani wala debe. Kule ningevimba mguu nikiamini nimekula karanga, na saa kumi ningeondoka. Ufunguo ule nani aliuficha? Siku ya pili yake ulionekana, uko kwenye koti la Kitundu, mfuko aliopapasa mara mbili mbele ya macho ya watu. Nielezeni ninyi!

Shilla alihamishwa, hajawahi kuniandikia. Njoghomi amekufa anasema ni karanga. Kitundu alisema siku ile, "Basi, ni bahati mbaya," akaokota kofia. Neno lingine juu ya jambo hilo sijalisikia kwake mpaka leo. Na Kitundu sasa anasali nasi. Anakaa benchi la mlangoni, anatoka kabla ya baraka. Mimi humwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa, yeye huitika marahaba akitazama mguu.

Mzee Kitundu, najua haya utasomewa, maana macho yako yamechoka. Siwezi kusema nimekusamehe, nikisema hivyo hapa nitakuwa naongopa mbele za Bwana. Ila debe lile wewe lilikushinda kwa mara moja, watu wanaona. Mimi nimekuwa nalo kifuani miaka yote hii na sijui linashushwaje. Yesu aliyenitoa ghalani namshukuru, namtegemea, na wewe uliyefungiwa mahali na huelewi kwa nini, nakuambia mwite hata kama unaomba vibaya, mimi niliomba vibaya akanisikia. Mzee, Jumapili usikae mlangoni. Mguu wangu nauelekeza upande wa kulia. Kushoto kwangu pana nafasi. Njoo ulishike debe hili upande mmoja na mimi nishike wa pili, tuone kama litashuka.