Chupa Niliyoifungia Kabatini

Mimi ni Isaiah, mdogo wake Mzee Jackson Kipngetich tunayemzika leo, na nitawasomea maisha yake kwa niaba ya familia, pamoja na jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui.

Jackson alizaliwa Moiben tarehe 4 Machi 1932, akasoma hadi darasa la nne, akatahiriwa Desemba 1948, na siku hiyo hakupepesa jicho, sifa iliyomfuata maisha yake yote. Mwaka wa 1953 aliajiriwa kama fundi wa matrekta, na tarehe 18 Agosti 1957 akamwoa Priscah, wakajaliwa watoto sita.

Januari mwaka huu wa 1986 alianza kuumwa mgongo, na tarehe 20 Aprili daktari mjini Eldoret akatuambia ni saratani ya mifupa, haitibiki tena, akatupa chupa ya mofini. Nesi Waceke, jirani yetu, alitueleza vizuri kabisa kwamba dawa hii haiponyi mfupa, inafanya kazi kwenye uti wa mgongo na ubongo, inazuia habari ya maumivu isipite yote, na hata ile inayopita, ubongo haushtuki nayo sana, kwa hiyo apewe kila baada ya saa nne, bila kungoja aumie.

Mimi nikajifanya najua zaidi. Niliogopa ndugu yangu, ambaye hakuwahi kuonja pombe, asije akafa mtumwa wa dawa, nikaifungia chupa kabatini, nikasema nitampa akilia. Nani aliwahi kumwona Jackson akilia? Priscah alinisihi, nikamwambia aache mambo ya kike. Siku kumi na tisa alishika ubao wa kitanda, jasho likimtoka, uso umetulia, nami nikijigamba mbele ya wageni kwamba huyu ndiye mwanamume.

Tarehe 9 Mei Waceke alininyang'anya ufunguo, akampimia dawa, na baada ya nusu saa Jackson akasema maumivu bado yapo, lakini yamesogea mbali, kama redio ya jirani, kisha akaomba chai, akamtania Priscah, akalala. Alifariki tarehe 11 Mei. Alipata siku mbili, zile nyingine nilimnyima mimi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, mafundi wenzake, na Waceke kuliko wote. Chupa haijatumika hata nusu, kesho nitairudisha hospitalini mwenyewe.

Pumzika, kaka, na huko uliko, ukiumia, lia tu.