Picha ya Siku ya Maziko

Kanyana alikuwa kwenye basi, anarudi nyumbani Reynoldsburg kutoka kwenye kazi yake ya kutunza wazee, na alitaka kusinzia tu. Lakini kwenye kiti cha mbele yake, Mama Charlotte wa kanisani kwao alikuwa amekaa na msichana mwenye sanduku la safari, na ndiyo kwanza mama huyo alikuwa amemtambua msichana.

“Wewe ni Jolie, ule alisoma Bruxelles. Tulikuona ku simu, unacheka mbele ya kanisa kubwa ya kule, siku ileile tulikuwa tunalilia koko yako.”

Kanyana akafumbua macho. Ile picha ya siku ya maziko ya bibi yake Jolie ilikuwa imezunguka kanisa zima.

“Nilijua amekufa, mama,” Jolie akajibu taratibu. “Chumba ikanishinda, nikatoka kutembea. Koko njo aliniombaka nimutumie picha ya kila fasi nzuri nimefika. Ile nilipiga juu yake, aione.”

“Na kucheka?”

“Alikuwa anakataa picha ya mutu mwenye kununa.”

“Bon. Mutu mwenye kufa haangaliake simu. Mama yako njo aliangalia. Ulimuelezea?”

“Hapokei simu yangu. Donc, njo maana nakuja mwenyewe.”

Basi likapunguza mwendo. Jolie akasimama na sanduku lake, na Mama Charlotte akavuta miguu ili ampishe.

“Ukifika, lia kwanza,” akamwambia. “Maneno ya picha itafuata.”

“Nililia kule, mama,” Jolie akasema. “Hakuna mutu aliniona.”

Mlango ukafunguka, akashuka.